Sahihi Yako Kwenye Toleo la Zamani

Baba Nyambura wangu,

Nakuandikia Jumamosi mchana nikiwa mezani, upande wako wa dirishani, kwa sababu upande wangu umejaa nguo za kupiga pasi. Ukungu haujaondoka Gatitu tangu asubuhi. Barua hii nitaiweka kwenye ukurasa wa mradi, pale ambapo watu walizoea kukusoma, kwa hivyo usishangae nikieleza mambo ambayo wewe mwenyewe ulinifundisha. Wako watakaoisoma ambao hawakukujua kabisa. Wengine walilijua jina lako tu, chini ya kila sasisho, bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu wa Nyeri aliyependa nduma za kuchemsha na kuchukia viatu vya ngozi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na ulipenda kusema hivyo. Kila kifaa cha Wi-Fi hutuma mawimbi hewani, na kila nchi ina sheria zake kuhusu mawimbi hayo: masafa gani yatumike, kwa nguvu kiasi gani, ndani ya nyumba au nje. Sheria hizo zimekusanywa katika faili moja dogo, nchi baada ya nchi. Kompyuta yenye mfumo wa Linux, ule unaotolewa bure na miradi ya watu wa kujitolea kama wetu, ikiwaka hulisoma, ikajua hapa ni Kenya, naruhusiwa kusema hivi na si vile. Nchi ikibadilisha sheria, faili nalo hubadilika. Likibadilika, lazima mtu alifungashe upya kwa kila toleo la mfumo ambalo bado liko mikononi mwa watu, matoleo mapya na yale ya zamani. Kwa mradi wetu mtu huyo alikuwa wewe. Hukulipwa, na nyumba nzima ya ghorofa hii ilidhani unarekebisha simu.

Nakumbuka nilipokuuliza mara ya kwanza kwa nini uhangaike hivyo. Tulikuwa tumeoana karibuni, tukikaa kile chumba juu ya duka la nafaka, na mvua ilikuwa inapiga mabati hadi tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Ulinionyesha dirisha. "Kuna mitambo ya kuangalia mvua," ukasema. "Inasikiliza kwenye masafa hayahaya. Tukipiga kelele pale, wenyewe hawataiona mvua ikija." Mimi nilikuwa nafundisha fizikia mjini, mawimbi nilikuwa nayachora ubaoni kila muhula, lakini sikuwa nimewahi kuyafikiria kama kitu ambacho watu hugawana, kama tunavyogawana mfereji wa maji hapa kwenye ploti. Tangu siku hiyo nilianza kukaa karibu nawe ukifanya kazi. Kwanza nilikuja na madaftari ya wanafunzi nisahihishe. Baadaye madaftari nikawa nayaacha shuleni.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Tukimaliza kufua na kupiga deki, unatoa zile laptopu nne na kuzipanga mezani, kila moja na toleo lake, kutoka lile ambalo bado linatengenezwa mpaka lile kongwe. Ile kongwe haikuwa na betri, na kitufe cha herufi M kilikuwa kimeng'oka, ikabidi ubonyeze kile kinundu cha mpira kilichobaki. Wewe uliandika amri, mimi nikasoma kwa sauti yale yaliyotokea kwenye skrini. Ukifika kwa ile kongwe ulikuwa unaniuliza, "Mzee anasemaje?" Nami nasema, "Amekubali." Kisha unatuma, na tunatoka kwenda sokoni tukiwa tumetulia kama watu waliopeleka watoto shule.

Siku ile mistari ya Kenya ilipobadilika kwenye faili, ulirudi na nyama choma kutoka pale kona, na harufu ikajaa ngazi zote. Mama Shiru wa chini akauliza kama Nyambura amepita mtihani. Ulimwambia, "Hapana, ni mistari ya Kenya. Tumefunguliwa masafa mengine." Akasema Mungu ni mwema na akachukua mbavu mbili. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Halafu kuna zahanati ya Tetu. Hiyo pia lazima niieleze. Sista Wanjira, muuguzi wa pale, alikuja kwako baada ya ibada akakuambia kwamba wodi ya kina mama iko ng'ambo ya ua na mtandao haufiki, kwa hivyo akitaka kuingiza habari za mama aliyejifungua anavuka matope mpaka ofisini. Ulitafuta kompyuta ndogo, ile inayotosha kwenye kiganja, ukaifanya iwe kituo cha kurusha mtandao hadi wodini. Tulikwenda pamoja kuiweka. Mimi nilishika ngazi, wewe ukafunga waya kwenye boriti, na wanawake waliokuwa wakingoja kliniki wakakupa ushauri mwingi kuhusu namna ya kupanda ngazi. Uliipa lile toleo kongwe kwa sababu ndilo lililokubaliana na kifaa chenyewe, na ukaipanga ipokee masasisho mapema, wakati bado yako kwenye majaribio, kabla hayajatolewa kwa kila mtu. Nilikuuliza kama si vibaya kujaribia zahanati. Ukasema ikikataa, Sista atavuka matope siku moja kama zamani, lakini wewe utajua mara moja umekosea wapi. "Wale wengine huvumilia kimya," ukasema. "Sista hana aibu ya kunipigia simu."

Ugonjwa wa figo ulipokuja sikuuelewa haraka. Nilidhani ni kuchoka. Tulianza zile safari za hospitali, na ulikuwa unalala kwenye ile mashine ya kusafisha damu ukiwa na laptopu tumboni, mkono mmoja umefungwa mirija, mkono mwingine unaandika. Wauguzi walikuacha. Siku moja uligeuza skrini upande wangu ukaniambia niandike mimi. Niliandika. Kesho yake ukaniandikia barua ya kuniombea uanachama kwenye mradi, na wale watu wa mbali wakanihoji kwa majuma mengi, maswali juu ya maswali, mpaka nikapewa ufunguo wangu mwenyewe wa kutia sahihi, ile alama ya siri inayoiambia mashine kazi hii imetoka kwa nani. Ulifurahi kuliko mimi. Ulisema, "Sasa unaweza bila mimi." Nilikasirika, nikakuambia usiseme hivyo tena, na kweli hukusema tena.

Ulipoondoka walikuja watu wengi. Kina mama wa kanisa walipika hapa siku nyingi. Barua zilifika kutoka nchi ambazo tulizijua kwa herufi zake mbili tu kwenye faili, na Ilse, yule mama wa kule kaskazini anayetunza kiini cha mfumo, ile sehemu inayoendesha mashine yenyewe, aliandika kwamba kila mara sasisho lako lilipofika alikuwa analala vizuri. Halafu watu wakarudi kwa shughuli zao, jinsi inavyopaswa kuwa. Nyambura alirudi Nakuru. Hunipigia simu kila jioni, na kila jioni ananiambia nihamie kwake, ati nyumba ya Gatitu ni baridi. Ni kweli ni baridi. Bado napika githeri ya watu wawili. Natoa laptopu nne Jumamosi, naandika amri, kisha nazunguka mpaka upande wa pili wa meza na kusoma kwa sauti, kwa sababu nisiposoma kwa sauti naruka mstari. Mama Shiru aliniuliza siku moja kama nina wageni. Nikamwambia ni redio.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mwezi wa saba faili jipya lilikuja, la kwanza tangu uondoke. Nchi kadhaa zilikuwa zimebadilisha sheria, moja ilikuwa imepunguza nguvu inayoruhusiwa karibu na mitambo yake ya mvua. Nikafungasha kwa matoleo yote manne na kutia sahihi yangu. Matoleo mapya yalikubali. Ile kongwe ikaunganika na mtandao wa nyumbani kama kawaida, nami nikasema kwa sauti, "Amekubali," nikaweka kazi kwenye majaribio.

Jumatatu nilikuwa kwenye chumba cha walimu, wakati wa chai, simu ikalia. Ilikuwa Sista Wanjira.

"Mwalimu, ile kitu ya mzee imenyamaza," akasema. "Taa inawaka lakini wodi haina mtandao. Nimezima nimewasha, wapi."

Nilimwambia nitakuja nikimaliza vipindi. Nilishukia barabarani na kupanda kile kijia cha katikati ya majani ya chai, sketi ikalowa mpaka magotini. Mtu mmoja aliyekuwa anapeleka maziwa alinisalimia, akauliza habari za mzee. Hakuwa amesikia. Nikamwambia mzee alitutoka. Aliweka mtungi chini, akavua kofia. Niliendelea kupanda.

Kompyuta yako iko palepale, kwenye rafu ya chumba cha faili. Hata ile karatasi uliyobandika iko: USIZIME, na nambari yako ya simu. Sista hajaitoa. Nilifungua laptopu na kusoma ujumbe wa mashine, na ilikuwa pale wazi kabisa. Faili jipya limekataliwa; sahihi haijulikani.

Wanaosoma wanivumilie kidogo hapa. Kiini cha mfumo hakikubali faili la sheria kutoka kwa mtu yeyote tu. Wakati toleo linatengenezwa, ndani ya kiini huwekwa orodha ya watu ambao sahihi zao zitaaminika. Matoleo mapya yanatujua sote wawili. Lile kongwe lilitengenezwa kabla ya mimi kuwa mwanachama, kwa hivyo lilimjua mtu mmoja, nawe ndiye mtu huyo. Lilipoona sahihi yangu likakataa faili zima. Na kompyuta isiyo na faili la sheria haijui iko nchi gani, kwa hivyo hujiwekea tahadhari: husikiliza wengine, lakini masafa mengi haithubutu kuyaanza yenyewe. Ndiyo sababu laptopu yetu nyumbani haikuonyesha shida, maana yenyewe hufuata tu mtandao ambao tayari upo. Ile ya Tetu ndiyo inayopaswa kuanzisha. Ikanyamaza, kama Sista alivyosema.

Nilirudisha faili la awali, lile lenye sahihi yako. Taa ikaanza kupepesa. Kutoka ng'ambo ya ua tukasikia muuguzi akiita kwamba imerudi.

Sista alinimiminia chai kutoka kwa thamosi. Tulikaa kwenye benchi ya wagonjwa, hakukuwa na mtu tena. Akaniambia kitu ambacho sikukijua.

"Mimi nilikuwa nampigia hata kama haijaharibika," akasema. "Nikiwa zamu peke yangu, nasema wacha nimuulize kama iko sawa. Ananiambia iko sawa, Sista, naiona kutoka hapa. Halafu ananiuliza kama nimekula."

"Na ulikuwa umekula?"

"Mara nyingi hapana." Akapangusa kikombe kwa pindo la aproni. "Wewe nikikupigia hivyo utachoka."

Nilimwambia sitachoka. Sijui kama aliniamini.

Nilirudi nyumbani nikijua kuna njia mbili. Wengine kwenye mradi walisema kuna ya tatu: toleo hilo linakaribia kufungwa, watu wake ni wachache, wacha likae na faili la zamani mpaka life. Lakini faili la zamani lina sheria za zamani, na ile nchi yenye mitambo ya mvua ina watu wanaotumia toleo letu. Nilikumbuka dirisha lile na mabati yakipigwa, nikakataa.

Njia ndefu ilikuwa kumwomba Ilse akitengeneze upya kiini cha toleo kongwe, akiongeza jina langu kwenye orodha ya wanaoaminika. Kwanza kiini kitoke, watu wakipokee, halafu ndipo faili langu lifuate. Hiyo ni kazi ya majuma. Njia fupi ilikuwa kwenye kabati, ndani ya kopo la biskuti. Ufunguo wako uko kwenye ile flash nyekundu. Neno la siri hukuniambia kamwe, lakini nilikuwa nimekaa ubavuni mwako miaka hiyo yote ukiliandika.

Jumapili baada ya kanisa nilibadilisha nguo, nikala kidogo, nikachomeka flash kwenye laptopu yako. Niliandika neno la siri. Likakubali mara ya kwanza. Skrini ikaonyesha jina lako lote, na anwani yako, na chini yake mstari mtupu ukingoja.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa, kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Sikuwa nawaza juu ya Tetu wala juu ya mvua ya watu. Nilikuwa nawaza kwamba nikiandika amri moja, jina lako litatokea leo, kwa tarehe ya leo. Litapita kwenye mashine za mradi, litanakiliwa nchi baada ya nchi, na mahali fulani mtu ataona kwamba umefanya kazi wiki hii. Ilse angeliona kabla ya chai yake ya asubuhi. Kwa muda mfupi ungekuwa mtu aliyetoka nje na atarudi. Mikono yangu ilikuwa juu ya vitufe, nilikuwa nimeshaandika nusu ya amri.

Kilichonizuia ni sauti yako. Unamkumbuka yule mwenzetu aliyekuomba utie sahihi kazi yake kabla ya kuijaribu, akisema ana haraka na unamjua? Alikubembeleza siku nzima. Wewe ulikuwa mtu wa kukubali, hata watoto wa ploti walikutuma dukani, lakini siku hiyo ulikataa. Nilikuuliza kwa nini umkatalie rafiki yako kitu kidogo hivyo. Hukuinua macho kutoka kwa laptopu. Ukasema, "Sahihi ni kusema nilikuwepo. Na mimi sikuwepo."

Nilikaa nikiutazama ule mstari. Na wewe hukuwepo, Baba Nyambura. Nilikuwa mimi. Nilifungasha mimi, nikasoma mimi, na upande wa pili wa meza nikazunguka mimi mwenyewe. Nilifuta amri, herufi moja moja, nikachomoa flash. Halafu nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi, kwa sababu siku ile kulikuwa na watu wa kunishika na nilikuwa nawajali wageni.

Nilimwandikia Ilse nikamweleza yote, hata habari za flash. Alijibu mapema Jumatatu. Alisema kiini kitatengenezwa, na kwamba asingethubutu kunilaumu kama ningefanya vingine. Kisha akaniuliza jambo moja, kwa adabu sana, unajua anavyoandika. Kanuni ya mradi inasema mwanachama akifariki, ufunguo wake huondolewa kwenye orodha ya wanaoaminika. Walikuwa wameiacha hiyo kazi kwa sababu hakuna aliyetaka kuniuliza. Sasa kwa vile orodha inafunguliwa, ni vizuri yafanyike mawili pamoja: jina langu liingie na lako litoke. "Lakini tunaweza kungoja," akaandika. "Hakuna anayekuharakisha."

Sikumjibu haraka. Nilikwenda shuleni, nikasimamia mitihani, nikarudi. Nyambura alipopiga simu nilimweleza. Akasema, "Mami, wewe unataka nini?" Nikamwambia, "Nataka baba yako." Akasema, "Najua." Hatukuongea tena kuhusu kuhamia Nakuru jioni hiyo. Tulikaa tu na simu, namsikia akiosha vyombo.

Siku iliyofuata nilimwandikia Ilse kwamba yafanyike yote mawili.

Kiini kipya kilitoka shule zikiwa zimefungwa. Sikutaka kungoja Sista anipigie, kwa hivyo nilipanda Tetu asubuhi, jua likiwa limetoka kwa mara ya kwanza baada ya majuma, na mlima ulionekana wote mpaka theluji. Niliweka kiini, nikazima, nikawasha. Kisha nikaleta faili langu. Nilikuwa nimezoea kusema kwa sauti, nikajikuta nimeuliza, "Mzee anasemaje?" mbele ya Sista na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mashine ikasoma. Faili limekubaliwa. Kenya. Taa ikapepesa, na Sista akavuka ua kwenda kuangalia, akanipungia mkono kutoka mlango wa wodi.

Alipotaka kujua nimefanya nini siku zote hizo, nilimwambia zamani mashine ilikuwa inamsikiliza mzee peke yake, sasa inanisikiliza mimi. Akasema, "Na yeye?"

Nikamwambia yeye haimsikilizi tena.

"Pole, Mwalimu," akasema, kama ambaye nimempa habari za msiba siku hiyohiyo. Na kweli ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimekuzika mara moja kule juu kwa kina baba yako, na sasa nimekuondoa pia mahali hapa pengine ambapo ulikuwa umebaki.

Siku chache baadaye niliondoa neno "majaribio" na kulitoa faili kwa matoleo yote, kwa watu wote. Limeenda. Hakuna aliyelalamika, na kama ulivyokuwa ukisema, hiyo ndiyo shukrani yetu. Toleo kongwe litafungwa kabla ya mwaka kwisha. Masasisho yako ya zamani yamebaki kwenye historia ya mradi, kurasa na kurasa, na hayo hayafutwi. Nimeyasoma mengi. Kwenye moja umeandika kwa watu wote wa dunia kwamba sasisho limechelewa kwa sababu mke wako alikuwa na homa. Sikuwahi kuliona. Nilikuwa na homa gani? Siikumbuki kabisa, na wewe ndiye ungeniambia.

Kuna jambo moja limebaki. Jana Ilse alinitumia ukurasa wa kifurushi chetu niuhakiki, baada ya mabadiliko yote. Kila kifurushi kinapaswa kuwa na watunzaji wawili, ili mmoja akiugua mwingine ashike. Mstari wa kwanza una jina langu. Mstari wa pili, uliokuwa na lako, uko wazi, na mashine haikubali mstari ulio wazi. Lazima mtu aandike kitu. Ilse aliuliza kama nina mtu. Nilikaa na swali hilo mchana wote, Mama Shiru akifua chini na watoto wakipiga mpira kwenye ukuta. Nilimfikiria Nyambura. Niliwafikiria wasichana wangu wa kidato cha nne, wawili watatu ambao macho yao hubaki ubaoni kengele ikishalia. Sijamuuliza yeyote.

Niliandika: hakuna kwa sasa. Mashine ikakubali.

Pumzika, baba watu. Nguo zinaningoja, na pasi imeshapata moto.

Ni mimi mkeo,
Mama Nyambura
Gatitu